Shemeji Anataka Nipone

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kushoto,
Nyuma ya Karakana ya Matairi.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, mzee wako na wapwa zangu. Kwanza nipe hali. Lile goti limetulia, au bado linakutabiria mvua? Na mzee wako anameza dawa zake za presha, au bado anazificha chini ya kisahani akidhani huoni?

Sisi hapa hatujambo. Wifi yako mzima, ananisema asubuhi na jioni, nami nimeshazoea kuihesabu hiyo kuwa dalili ya afya. Binti yetu amepanda darasa na sasa anatusahihisha sote tukifungua midomo. Mama amepona mafua zamani, ila hataki tujue kwa sababu bado anaipenda chai ya kuletewa kitandani. Mimi nipo, nakaa upande mmoja wa kiti kama unavyonijua.

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara nyingi. Umeniambia mambo mawili: nikubali kuwekewa kile kifaa, na nikishapona nimsamehe shemeji, kwa kuwa hasira hasara. La kwanza nitakujibu. La pili, dada, nakuheshimu kama mama yangu wa pili, lakini hilo halikutoka kwako. Najua nani alikupigia simu. Amewapigia wote, mpaka ndugu ambao mimi mwenyewe nilishasahau kama wapo.

Nianze na kifaa, maana nahisi umeelezwa nusunusu. Daktari wa mgongo anasema skrubu alizonifunga mwaka ule zimekaa vizuri, lakini mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni umezoea kupiga kelele na haujui tena kunyamaza. Kwa hiyo wanapenyeza nyaya mbili nyembamba hadi pembeni ya uti wa mgongo, na betri ndogo wanaizika chini ya ngozi, juu kidogo ya tako. Betri inatuma umeme mdogo, na ule umeme unaizuia kelele isifike kichwani. Unapewa rimoti, unaongeza na kupunguza mwenyewe.

Hakiponyi kitu. Daktari amelirudia hilo mpaka nikadhani anaogopa nitamshtaki. Mgongo utabaki ule ule, kubeba makabati ndiyo basi, nyaya zinaweza kuhama, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, na betri ikichoka watanipasua tena kuibadilisha. Nilikutana na mama mmoja msusi pale hospitalini, yeye anacho tayari. Anasema amerudi kusuka amesimama, ila akipiga chafya umeme unamrusha mguu, na wateja wake wamejifunza kukaa mbali. Fundi wa matairi hapa chini yeye ameuliza swali moja tu: gari likigoma asubuhi, nitaweza kuliwasha kwa hiyo betri?

Kabla ya kukuwekea cha kudumu wanakujaribisha. Wiki nzima nyaya zinakuwa ndani na betri inakaa nje kwenye mkanda. Maumivu yakipungua nusu au zaidi, unafaa. Hiyo wiki nimeshaimaliza, na nitakueleza ilivyokwenda. Lakini lazima nianzie kwenye ngazi, kwa sababu habari za ngazi umezipata kwa mdomo wa mtu mwingine.

Marehemu mkwe wangu, aliyetuachia lori na kazi ya kuhamisha watu nyumba, alitufundisha sheria moja kubwa mimi na mwanawe, huyuhuyu shemeji. Mkishusha kitu kizito ngazini, wa chini anarudi kinyumenyume, na anayerudi kinyumenyume hana macho. Macho yake ni mdomo wa mwenzake wa juu. Wa juu anasema: ngazi, kona, maji, tua. Hanyamazi hata kama amefiwa. Mkwe alimfukuza mbebaji mmoja hodari kabisa kwa kosa la kunyamaza kwenye kona.

Sasa wiki ile mimi nilikuwa nimelipeleka lori kupakwa rangi ya kijani. Shemeji alitaka bluu. Nikamwambia bluu ni rangi ya milango ya choo. Akanuna. Na huyu mtu akinuna, dada, hanuni kwa saa, ananuna kwa msimu. Tukaenda kazini amenuna, tukapakia viti amenuna, tukalibeba kabati la kioo la yule mama muuza miwani bado amenuna. Mimi nilikuwa chini, kinyumenyume. Yeye juu. Mfagizi alikuwa ametoka kupiga deki muda ule ule.

Shemeji aliyaona yale maji. Kabati lilikuwa jembamba, yeye alikuwa upande wa ukutani, ngazi zote ziko mbele ya macho yake. Lakini kusema "maji" kungekuwa kunisemesha, naye alikuwa hanisemeshi. Nikaanguka chali, kabati likanifuata.

Wewe uliambiwa niliteleza. Uliambiwa alinionya, sikusikia. Miaka mitatu ndiyo hadithi yake hiyo, ameisimulia kwenye misiba na kwenye harusi mpaka nadhani ameanza kuiamini. Na nilipokuwa kitandani hospitalini, nimefungwa kama godoro la kuhama, lori likapakwa bluu.

Tangu siku ile sijamsemesha. Alipenda kimya, nikampa cha jumla, si cha rejareja. Kazi bado tunafanya pamoja, maana lori ni moja na watoto lazima wale. Mimi nakaa ofisini napokea simu za wateja, yeye anapakia na wabebaji. Nikiwa na la kumwambia namwambia dereva, na mwenyewe kasimama hapohapo.

"Dereva, mwambie huyo wa bluu kesho kuna jokofu la milango miwili."

"Bosi, kesho kuna jokofu la milango miwili."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Dereva wa watu amezeeka kwa kazi hiyo kuliko kwa usukani.

Kuhusu maumivu sitasema mengi, adhabu ya kaburi aijua maiti. Moto unaanzia takoni unashuka mpaka kidole gumba. Usiku nalala kwenye kiti, nimeegemea mto. Ngazi za nyumbani napanda ubavuubavu kama kaa, nimeshika chuma kwa mikono miwili, na kila ninapokanyaga namlaani shemeji kidogo. Nikifika ghorofa ya tatu laana inakuwa imetimia. Imekuwa kama sala yangu.

Kabla ya majaribio walinipeleka kwa daktari wa mambo ya akili. Nikauliza, unaouma ni mgongo, kichwa kimeingiaje? Wifi yako akasema afadhali wakiangalie na hicho. Daktari mwenyewe ni mama mpole mwenye kiti kibaya sana cha wageni. Akaniuliza, nikipata nafuu, jambo la kwanza ninalotamani kulifanya ni lipi. Nadhani wengine humwambia kucheza na wajukuu. Mimi nilimwambia, kumpiga shemeji yangu teke. Hakucheka.

"Kwa mguu upi?" akauliza.

Nikamwambia huu unaouma. Akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, hilo ni lengo linalopimika. Akanipitisha.

Lakini kumbe kuna mtu aliyekitaka kifaa hiki kuliko mimi. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizia habari zake, ndiye aliyemtuma dada yake aniseme, ndiye anayewasumbua nyinyi kwa simu. Mwanzoni nilishangaa. Kisha nikaelewa. Mimi nikipona, anayepona ni yeye. Siku nitakayotembea barabarani nimenyooka, watu watasema si mnaona, mtu mzima huyo, yaliyopita si ndwele. Mimi ndwele ninayo! Ninayo hapa mguuni, na ndiyo shahidi wangu pekee. Hakuna mwingine aliyekuwapo kwenye ngazi zile. Nikimnyamazisha shahidi kwa umeme, kesi imekwisha, na mshtakiwa anakwenda nyumbani akipiga mluzi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kukataa. Sikumwambia mtu. Majaribio niliyakubali kwa sababu wifi yako alishapanga nguo zangu kwenye mkoba, na wewe unajua mkoba wa mwanamke ukishafungwa haufunguliwi.

Asubuhi ya pili nikaamka kitandani. Nasema kitandani, dada, si kwenye kiti. Nililala usingizi mzito hivi kwamba wifi yako aliniwekea kiganja puani kuona kama napumua. Mguuni nilihisi kitu kama ganzi inapoanza kuachia, basi. Moto haukuwapo. Nikakaa nikawaza chai. Nikainywa, nikawaza mkate. Nikashuka ngazi, mguu huu, mguu ule, kama watu. Nilipofika ofisini na kukaa, ndipo nikashtuka kwamba ngazi zote zile sikumlaani hata mara moja. Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Niliogopa. Nilijisikia kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha mlango wazi.

Jioni akaja mwenyewe, eti kumwona dada yake. Mkononi mfuko wa machungwa, macho yote kwenye mkanda wangu. Nikajua anachokitafuta, nikasema hakipati. Nikainuka kwenda kuchota maji ya kunywa na nikachechemea. Nilichechemea vizuri sana, kwa kuugulia, kwa kushika ukuta, nikasimama katikati kuvuta pumzi. Wifi yako akaziba mdomo akakimbilia jikoni. Binti yetu, yule msahihishaji, akasema kwa sauti ya darasani:

"Baba, mguu mbovu si huo."

Kweli, nilikuwa navuta wa kulia. Shemeji akainama kuyaangalia machungwa yake. Hakusema neno, na mpaka sasa sijui kama alinyamaza kwa adabu au kwa mazoea.

Alipoondoka niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikashika rimoti. Nikapunguza. Nikapunguza tena, mpaka mwisho. Moto ukarudi, ukaanza takoni ukashuka mpaka kidole gumba. Nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa nikamngoja shemeji arudi kichwani. Akarudi. Maji, kabati, bluu, vyote vikarudi mahali pake. Nikaona afadhali.

Wifi yako akagonga. Nilipofungua aliitazama rimoti, akalitazama jasho langu, akaelewa bila kuambiwa.

"Umekizima mwenyewe?"

Nikaificha rimoti mgongoni.

"Miaka yote hii nakuvisha soksi," akasema. "Kaka yangu alikuvunja mgongo, haya, Mungu atamhukumu. Lakini leo humu bafuni, aliyekuumiza ni nani?"

Mimi, unayenijua kwa mdomo, nikaanza kuhesabu vigae vya bafuni. Akaninyang'anya rimoti, akakiwasha mwenyewe, akaongeza mpaka nikaruka. Hakuniomba radhi.

Wiki ilipoisha wakazitoa nyaya. Kufika jioni moto ulikuwa umesharudi, umevua viatu, umeketi. Zamani nilivumilia kwa sababu nilikuwa nimesahau maisha bila maumivu yakoje. Sasa najua. Kumwonjesha mtu kisha kumnyang'anya ni ukatili, hata kama aliyekufanyia ni daktari na amekueleza mapema. Muuguzi amenipa mpaka Alhamisi nimwambie ndiyo au hapana.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nikae kukuandikia.

Ijumaa shemeji alipanda ngazi akaja hapa nyumbani. Alikuwa amevaa lile shati lake la kupigia picha. Alikataa kiti. Alisimama mbele yangu, hakuna dereva katikati, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama alikuwa anamenya chungwa, wifi yako anakunja nguo.

"Shemeji," akasema. "Siku ile kwenye ngazi, mimi..."

Dada, dakika hiyo nimelala nayo na kuamka nayo kwa muda wote huu. Nilishaliandaa jibu lake tangu hospitalini, nimelinoa kila siku mpaka likawa kama kisu cha bucha. Na nilipoona sasa lina mahali pa kuingia, sikuweza kumngoja amalize.

"Nyamaza, shemeji," nikamwambia. "Hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Akanyamaza. Uso ukamsawijika palepale. Akamuaga Mama, akatoka. Tulivisikia viatu vyake mpaka chini.

Ilikuwa tamu, sitakudanganya. Ningekuwa na mgongo ningecheza. Nilimgeukia Mama nione kama amesikia nilivyompa vidonge vyake, lakini Mama aliendelea kumenya chungwa lake. Wifi yako alizibeba nguo akaingia nazo chumbani akafunga mlango. Nikabaki na ushindi wangu pale kitini. Chai haijapoa, utamu umekwisha, na mguu unawaka palepale ulipokuwa unawaka kabla hajaja.

Ndipo nilipoona nilichokifanya. Neno nililokuwa nalingoja lilikuwa limefika, liko kwenye ulimi wake, na mimi ndiye niliyelirudisha kooni. Pengine alitaka kusema aliyaona maji. Pengine alitaka kuurudia uongo wake kwamba alinionya. Nimekaa tangu Ijumaa nikiipima ile "mimi" yake, nikiigeuza huku na huku, na haisemi kitu. Jana ofisini dereva aliniuliza kama kuna ujumbe wa kupeleka. Nikamwambia hakuna. Alionekana kama mtu aliyefutwa kazi.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: nimekubali. Alhamisi namwambia muuguzi ndiyo. Usifikiri ni kwa sababu moyo umelainika. Haujalainika, na sitajifanya umelainika kwa ajili ya kumfurahisha mtu aliyepaka lori langu bluu. Watu watasema yamekwisha, nao waseme. Mimi nimevijaribu vyote viwili, kisasi na kile kifaa, na kilichonilaza usingizi ni kifaa. Hilo nimemwambia wifi yako jana. Leo asubuhi soksi alinivisha kwa mkono mwepesi kidogo.

Mama amesema nikuulize kama utaweza kuja siku ya upasuaji. Nimemwambia wewe una kazi na goti. Lakini ukija nitafurahi, na godoro la wageni lipo.

Nisalimie mzee wako, mwambie asifiche dawa, huku kwetu tumeshajua. Wasalimie wapwa zangu, Mrefu na yule Bwana Maswali, na Shangazi wa Cherehani siku utakayompitia. Wifi yako anakusalimu sana, na Mama anakuombea kila akiletewa chai. Binti anasema anakupenda, na kwamba barua yako ya mwisho ilikosewa mahali pawili. Mungu akutangulie unapotoka na akungoje unaporudi, na akupunguzie ngazi.

Sasa nikuombe kitu kimoja. Shemeji atakupigia simu tu, hawezi kukaa. Akipiga, mwambie nimekubali kuwekewa. Halafu mwache aimalize ile sentensi niliyomkata, akumalizie wewe. Usimsaidie maneno, na akinyamaza usimjazie. Kisha uniandikie alivyosema, neno kwa neno, usimtetee, usimwongezee chumvi. Na usimwambie kwamba mimi ndiye niliyeuliza.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Mabega.